Uliza Bibi Mkunga: Homoni zipo kwenye damu, mbona mwili hausikii?

Barua tatu za mwezi huu nimezisoma barazani kwangu Ujiji, nikazirudia. Mmoja kaandika muuza mawese, mwingine mvuvi, wa tatu ni baba anayemhofia mwanawe. Wote watatu wanauliza jambo moja bila kujuana, kwa hiyo nawajibu kwa pamoja, na ya kwanza nitakaa nayo zaidi.

*Bibi Mkunga, shikamoo. Nina miaka 48, nauza mawese na dagaa sokoni Mwanga, hapa Kigoma mjini. Huu mwaka wa pili usiku naamka nimelowa jasho, shuka unaweza kulikamua. Hedhi inakuja inavyotaka: miezi miwili kimya, kisha siku tisa mfululizo. Mwanangu alinipeleka kupima homoni, tukalipa pesa nyingi, nikaambiwa estrojeni iko kawaida, nenda nyumbani huumwi. Shoga yangu anasema ninywe vidonge vya majira vya binti yake. Je, inawezekana homoni zikawepo lakini zisifanye kazi? Au najitia ugonjwa tu?* (Mama wa Mwanga)

Marahaba mwanangu, na pole. Hujitii ugonjwa.

Kabla sijagusa homoni, nikuulize: jasho hilo umelipimia malaria? Kifua kikuu je? Huku kwetu ziwani jasho la usiku lina wenyewe wengi. Kama una kikohozi cha wiki mbili, au nguo zimeanza kukupwaya, peleka makohozi yakapimwe, na upime VVU pia. Hayo yakiondoka ndipo tuje kwenye umri.

Kipimo chako sasa. Mwanamke aliyevuka miaka 45, hedhi imevurugika na joto linampanda, hahitaji kipimo cha damu ili aambiwe kwamba anakaribia ukomo wa hedhi. Historia yake inatosha. Katika miaka hii estrojeni, homoni kuu ya kike, hupanda na kushuka kama bei ya migebuka: leo iko juu kuliko ya msichana, wiki ijayo imeanguka. Wewe ulipimwa asubuhi moja. Asubuhi hiyo ilikuwa kawaida, basi. Aliyekwambia "huumwi" kwa karatasi ile alikudhulumu, na nasema hivyo nikijua uzito wake, maana nimefanya kazi wodini miaka mingi na nimesikia wanawake wengi wakirudishwa nyumbani kwa neno hilo.

Lakini swali lako ni zito kuliko hilo. Umeuliza kama homoni inaweza kuwepo na isifanye kazi. Ndiyo, inaweza.

Homoni ni ujumbe unaozunguka na damu mwili mzima. Unapita kwenye goti, kwenye sikio, kwenye ini, kwenye kizazi. Mbona kizazi ndicho kinachoitika na goti haliitiki vilevile? Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Elwood Jensen, huko Chicago, alichukua estradioli, ambayo ni estrojeni yenye nguvu kuliko wenzake, akaitia hidrojeni yenye mionzi ili aweze kuifuatilia, akawadunga panya wa kike ambao hawajakomaa. Misuli iliiachia ikaenda zake. Kizazi na uke viliing'ang'ania kwa saa nyingi. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kuipokea. Kitu hicho tunakiita kipokezi, na mimi wanawake wa kliniki nilikuwa nawaambia ni sikio la seli. Mwaka 1996 huko Sweden likapatikana sikio la pili, tena lilipatikana kwenye tezi dume ya panya, mahali ambapo wengi wasingelitafuta. La kwanza likaitwa alfa, hili likaitwa beta.

Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda kuliko zote. Estrojeni ikishaingia kwenye seli na kushikana na kipokezi chake, viwili hivyo huenda mpaka kwenye vinasaba na kuiamuru seli itengeneze vitu. Miongoni mwa vitu hivyo ni vipokezi vya homoni nyingine. Yaani estrojeni haisemi yenyewe tu. Inawatengenezea wenzake masikio ya kusikiwa.

Wewe unauza mawese, unajua. Chikichi hazikamuliwi zikiwa mbichi. Lazima zichemshwe, zilegee, ndipo mafuta yatoke. Katika kizazi, estrojeni ndiyo inayochemsha. Nusu ya kwanza ya mzunguko inakuza utando wa ndani na kuujaza vipokezi vya projesteroni, homoni nyingine ya ovari. Yai likishatoka, projesteroni inakuja na kuukuta utando uko tayari, inautuliza, inaufanya uwe mahali pa mimba kulala. Na projesteroni nayo hulipa kwa namna yake: inapunguza vipokezi vya estrojeni, ili ukuaji ukome. Mmoja anafungua, mwingine anafunga.

Ubongo nao uko hivyohivyo. Panya jike aliyetolewa ovari, ukimdunga projesteroni peke yake, dume akimkaribia atamfukuza. Mpe estrojeni kwanza, kama siku mbili hivi, kisha mpe projesteroni ileile: atampokea. Dawa ni moja, panya ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba sehemu ya chini ya ubongo, haipothalamasi, imepata vipokezi vya projesteroni ambavyo havikuwepo vya kutosha. Na msidhani estrojeni huongeza masikio kila inapogusa. Kuna sehemu za haipothalamasi hiyohiyo ambako inapunguza vipokezi vyake yenyewe, kama mtu anayejiambia sasa nimesema vya kutosha.

Turudi kwako. Ili yai litoke, estrojeni ya ovari lazima ipande na ikae juu, kama pikogramu 200 kwa mililita ya damu, kwa saa 50 hivi. Hapo estrojeni, ambayo siku zote ilikuwa ikiuzuia ubongo na pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, hugeuka na kuuchochea ubongo uiamuru pituitari itoe homoni nyingi kwa mkupuo. Seli za ubongo zinazotoa amri hiyo ya mwisho hazina kipokezi cha alfa. Hazimsikii bibi harusi moja kwa moja. Kuna mshenga, seli zinazotoa kisipeptini, ndizo zinazoisikia estrojeni na kupeleka habari. Katika miaka yako hii, wakati mwingine estrojeni inapanda vizuri kabisa na ubongo hauitiki. Mkupuo hauji, yai halitoki. Yai lisipotoka hakuna projesteroni. Utando umeshachemshwa na hakuna wa kukamua. Unarundikana, kisha unabomoka ovyoovyo. Ndiyo miezi yako miwili ya kimya, na ndizo siku zako tisa.

Kwa hiyo siku tisa hizo usizizoee. Utando unaokuzwa na estrojeni mwezi baada ya mwezi bila projesteroni unaweza kuwa mnene kupita kiasi, na kwa baadhi ya wanawake ndiko saratani ya mji wa mimba inakoanzia. Nenda kwa daktari wa wanawake, mwambie siku na wingi wa damu, aangalie kizazi kwa utrasaundi na, akiona haja, achukue kipande cha utando. Apime na wingi wa damu yako, maana mwanamke anayevuja siku tisa halafu anasimama sokoni kutwa atakuwa amepungukiwa.

Na lile joto? Jirani na mshenga niliyemtaja kuna seli ndugu zake zinazotoa neurokinini B, na zipo karibu na sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ndiyo inayozituliza. Ikiyumba au ikiondoka, seli hizo hunenepa na kupiga kelele, na ubongo unaamini mwili unaungua wakati haujaungua: mishipa ya ngozi inafunguka, jasho linamwagika. Halianzii kwenye ngozi wala kwenye mawazo yako. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayoziba kipokezi cha neurokinini B kwa ajili ya joto hili, bila kutumia homoni yoyote. Hiyo imenipa faraja, si kwa sababu nitaipata dukani kesho, bali kwa sababu sasa kuna ushahidi wa mahali hasa joto linapotoka. Mimi lilinikuta nikiwa na miaka 49, zamu ya usiku, nimekishika kichwa cha mtoto kinachotoka. Jasho lilinishuka mpaka machoni na sikuweza kuachia mikono. Asubuhi nililia, nikidhani nimeisha. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Vidonge vya binti wa shoga yako viache. Vidonge vya majira vyenye estrojeni, kwa mwanamke wa miaka 48 ambaye hajapima presha, vinaweza kuleta damu kuganda kwenye mshipa au kiharusi. Tiba ya homoni ya ukomo wa hedhi ipo, ni kitu kingine na dozi yake ni nyingine, na huandikwa na daktari akishaijua presha yako, matiti yako na hiyo damu ya siku tisa. Ukiwa bado una kizazi, estrojeni haitolewi peke yake. Lazima iambatane na dawa ya jamii ya projesteroni, na sasa unajua kwa nini. Na faida yake huzidi hasara zaidi kwa wanaoianza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Wewe bado uko ndani ya muda.

*Shikamoo bibi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Mke wangu ndiyo mimba yake ya kwanza. Ilipita tarehe, wakamlaza, wakamtundikia dripu ya uchungu. Kutwa nzima njia haikufunguka, akafanyiwa operesheni, mama na mtoto wazima. Kitanda cha pili kulikuwa na mama mwenye watoto wanne, dripu hiyohiyo, akazaa kwa saa tatu. Mama yangu anasema uchungu ulikataa kwa sababu mke wangu alitoka nje ya ndoa na hakutaja. Nyumba haina amani. Nisaidie.* (Baba mpya)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Mpe mama yako barua hii aisome, au umsomee, kwa heshima, ukiwa umekaa chini.

Katika miaka yangu ya ukunga nimeona wanawake wakilazimishwa kutaja majina ya wanaume huku wakiwa katikati ya uchungu. Mmoja alitaja jina ili tu waache kumuuliza. Njia yake haikufunguka kwa jina hilo. Ilikuwa nyonga nyembamba na mtoto mkubwa, na ndoa ilivunjika juu ya uongo. Sijamsahau.

Dawa iliyo kwenye dripu ni oksitosini. Nayo ni ujumbe, na ujumbe unahitaji sikio. Mwezi wa tatu au wa nne wa mimba kizazi kina vipokezi vichache vya oksitosini, ndiyo maana hata ukimtundikia mama dawa nyingi, hakijibu sana. Kadiri siku zinavyokaribia, vipokezi vinaongezeka mara nyingi, na estrojeni ni mmoja wa wanaovileta. Wewe unajua zaidi yangu: huko ziwani hamtupi wavu kwanza. Mnawasha taa, mnangoja, dagaa wanajaa chini ya mwanga, ndipo wavu unashuka. Dripu ni wavu. Kwa mkeo taa ilikuwa haijawaka vya kutosha.

Tena estrojeni hiyo, ujue, mtoto wako mwenyewe alichangia kuitengeneza. Tezi zilizo juu ya figo za mtoto hutoa malighafi, ini lake linaiongezea kitu, na kondo la nyuma linaimalizia kuwa estrioli. Mama, mtoto na kondo wote wanafanya kazi hiyo pamoja, kila mimba kwa mwendo wake. Hakuna mahali hapo ambapo mtu wa nje anaingia.

Na kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma. Kwa mbuzi, projesteroni, ambayo ndiyo inayokituliza kizazi miezi yote ya mimba, hushuka kwenye damu, ndipo anazaa. Kwa binadamu haishuki hivyo. Inabaki juu mpaka kondo litoke. Kinachobadilika ni kizazi: aina ya vipokezi vya projesteroni inageuka na kizazi kinaacha kuisikia, huku kikianza kuisikia oksitosini. Mwanamke anaingia uchunguni damu yake ikiwa bado imejaa homoni ya kumtuliza. Kwa hiyo hata ungepima damu ya mkeo na ya mama wa kitanda cha pili, huenda usingeona tofauti yoyote.

Yule mwenye watoto wanne ana shingo ya kizazi iliyokwisha kupita njia hiyo, hulainika upesi. Mimba ya kwanza huchelewa. Na kuongeza dripu bila kikomo hakusaidii, maana vipokezi vikigongwa sana huchoka na kujificha. Wakunga walioamua operesheni wakati mama na mtoto bado wana nguvu waliamua vizuri.

Mimba ijayo asinyweshwe mizizi ya kuongeza uchungu, nakuomba sana. Ameshapasuliwa; kizazi chenye kovu kikibanwa kwa nguvu kinaweza kuchanika, na huko hatumuwahi kila mara. Aende kliniki mapema, aseme kwamba alifanyiwa operesheni, ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Na mngoje kama miaka miwili kabla ya kushika nyingine.

Mama yako hana roho mbaya. Alifundishwa hivyo na aliyemzaa, na aliyemzaa aliwaona wanawake wakifa bila kuambiwa sababu. Lakini mkeo ametoka kukatwa tumbo, ananyonyesha, na anasikia maneno hayo kila siku. Simama upande wake.

*Bibi, mwanangu wa kiume ana miaka 13. Tangu utotoni anakunywa uji wa lishe wenye soya. Sasa ana vivimbe chini ya chuchu, vinamuuma akiguswa. Fundi mmoja hapa Kasulu kaniambia soya ina homoni za kike. Nimeimwaga yote.* (Baba wa Kasulu)

Ungeinunua tena, kaka yangu. Soya ina vitu vinavyofanana na estrojeni, ni kweli, lakini ni dhaifu, na vinapenda zaidi kipokezi cha beta kuliko cha alfa. Uji wa kawaida haumwoteshi mvulana matiti. Katika balehe vivimbe hivyo huwapata wavulana wengi, kwa sababu mwili wa kiume nao hutengeneza estrojeni kutokana na testosteroni, na kwa muda mizani hailingani. Kwa kawaida huisha ndani ya miaka miwili. Mpeleke hospitali kama kivimbe ni kigumu na kiko upande mmoja tu, au kinatoa majimaji, au kinakua haraka.

Na estrojeni ya mvulana si adui yake. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanaume wa miaka 28 aliyezaliwa na kipokezi cha alfa kilichoharibika. Estrojeni alikuwa nayo, tena haikuwa chache. Walimpa na nyingine ya kubandika kwenye ngozi kwa miezi sita, mwili haukujibu. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka, kwa sababu ncha za mifupa yake hazikuwa zimefunga, na mifupa yenyewe ilikuwa dhaifu kama ya mzee. Estrojeni ndiyo inayoiambia mifupa ya mvulana sasa inatosha, kaza. Yeye hakuwa na sikio la kuisikia.

Mama wa Mwanga, umeona? Jibu lako limo humu pia.

Mwanao mwambie ukweli huo, baba, kabla hajaanza kuoga amejificha. Mwambie wenzake darasani wanavyo vilevile na hawasemi. Kisha mchemshie uji wake wa soya.